Soksi ya Mshonaji

Kwenye wodi ile ya magonjwa ya ndani, ghorofa ya pili, hapakuwa na mahali pa kusainia. Meza zilikuwepo, tena tatu, lakini moja ilibeba mashine ya kupimia moyo iliyokwisha kufa yenyewe, ya pili ilikuwa ya masista na ole wake atakayeweka kiwiko pale, na ya tatu iliyumba kama mlevi. Basi ikawa desturi. Daktari anayesomea ubingwa akitaka saini ya mkubwa wake, anageuka pale pale koridoni, anainama kidogo, anatoa mgongo. Mkubwa anaweka karatasi juu ya koti jeupe, anachora saini, anafunua nyingine, anachora. Fomu ishirini na nne kwa dakika tatu, huku vitanda vya magurudumu vikipita na watu wakisema, "Samahani, Daktari, kidogo hapo."

Juu ya kila fomu palikuwa na sentensi moja ya wino mzito: *Nimesimama na kumtazama daktari huyu akimpima mgonjwa.* Chini yake zilikuja alama, moja hadi tano, za kumhoji mgonjwa, kumpima kwa mikono, kufikiri, na kumweleza kwa lugha anayoielewa. Fomu mbili kila mwezi, mwaka mzima. Aliyebuni mpango ule hakuwa mjinga. Alitaka mkubwa asimame ndani ya pazia dakika ishirini, aone mwanafunzi wake anavyoshika tumbo la mtu, kisha amwambie ukweli bila kumpaka mafuta. Ila wagonjwa walikuwa sitini na mkubwa mmoja.

Mkubwa huyo walimwita Mzee Gusa. Jina alilipata kwenye raundi. Kila asubuhi vijana wake wanasoma faili kitanda kwa kitanda, na mmoja akisema "ini halijavimba", yeye anamkata pale pale: "Umegusa, au umeota?" Alikuwa amelisema hilo miaka thelathini. Wauguzi walimwigiza, wafagiaji walimwigiza, hata mlinzi wa getini akikagua mikoba aliuliza, "Nimegusa, au nimeota?" watu wakaangua kicheko. Mzee Gusa mwenyewe alilipenda jina hilo. Mtu akikaa na jina zuri muda mrefu, mwisho anadhani analifanyia kazi.

Mwaka huo alikuwa na wanafunzi wawili wa mwaka wa mwisho.

Wa kwanza alikuwa Kola. Shati lake lilikuwa na kola iliyonyooka hata saa kumi jioni, wakati wenzake wote wamelowa jasho. Kijana mchangamfu, mwenye salamu, anayekumbuka mkeo anaumwa goti. Fomu zake alizijaza mwenyewe, zote ishirini na nne, akaja nazo mkupuo mmoja zimefungwa kwa mpira. Na hakuwa na pupa kama wengine wanaojipa tano kuanzia juu mpaka chini. Hapa alijipa nne, pale tatu, na kwenye nafasi ya maoni akajisema kidogo kwa maneno ya Mzee mwenyewe: *Anaendelea vizuri, lakini asisahau kugusa.* Ukisoma, unaisikia sauti ya Mzee Gusa. Ila Mzee Gusa hakusoma. Aliziweka juu ya ule mgongo uliopigwa pasi, akasaini.

Wa pili alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, walimwita Kobe. Mgonjwa mmoja alimchukua dakika arobaini. Alivuta kiti, akakaa, akauliza habari za watoto, akapasha viganja vyake moto kwa kuvisugua kabla hajamgusa mtu. Wenzake wakimaliza vitanda kumi, yeye yuko cha nne. Na alikuwa na kichwa kigumu juu ya jambo moja: hakutaka fomu isainiwe kama hakutazamwa.

"Mzee, naenda kumpima mapafu mgonjwa wa kitanda cha nne. Naomba usimame unione."

"Kobe, mwanangu, foleni ile ya nje huioni? Lete fomu nisaini, nikimbie."

"Hujaniona bado, Mzee."

"Nimekuona. Si wewe huyo mbele yangu?"

Vijana wakacheka. Kobe naye akacheka kidogo, akairudisha fomu mfukoni, tupu. Mwaka mzima Mzee Gusa alisimama ndani ya pazia lake mara tatu tu. Na kwa sababu zile tatu zilikuwa za kweli, alama zake zilikuwa za kweli: tatu, mbili, na nne. *Mikono mizuri. Taratibu mno.*

Sasa, juu ya soksi.

Kitanda cha kumi na moja, kile kinachotazamana na mlango wa koridoni, alilazwa mama mshonaji. Miaka arobaini alishona sare za shule kwa cherehani ya kukanyaga. Aliletwa na homa, na sukari yake ya damu ilikuwa imepanda juu ajabu. Sukari ikashushwa, homa ikagoma. Akabadilishiwa dawa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kitanda kile kilikuwa cha Kola. Siku kumi na mbili mfululizo Kola aliandika kwa mwandiko mzuri: *Miguu: haina kidonda.*

Siku ya kumi na tatu, Jumatatu, Kola alikwenda kwenye semina. Vitanda vyake akaachiwa Kobe. Kufika kitanda cha kumi na moja ilikuwa saa tano, wenzake wameshamaliza wanakunywa chai. Akavuta kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Heh, leo nimepata mtu wa kukaa! Yule kijana wangu nadhifu huwa ananisalimia akiwa safarini."

"Soksi hizi nzito, mama. Husikii joto?"

"Nimezishona mwenyewe. Ziache tu, miguu yangu mibaya, imepasukapasuka. Yule kijana nilimwomba aiache, akaniachia. Ana adabu kweli."

"Mimi sina adabu, mama. Nitazivua."

Mshonaji akacheka mpaka akakohoa. Kobe akavua ya kushoto, hamna kitu. Akavua ya kulia. Sista mkuu, aliyekuwa kitanda cha tisa akipanga dawa, anasema harufu ilimfikia kabla hajageuka. Nyama ya unyayo, chini ya kidole gumba, ilikuwa nyeusi. Na katikati ya weusi kilichomoza kitu kinachong'aa. Kobe akakishika kwa koleo, akavuta taratibu, akakiweka kwenye kisahani cha chuma. Kikalia, ting.

Nusu ya sindano ya cherehani.

"Yarabi!" mshonaji akasema, akajiinua kwa viwiko. "Sindano yangu hiyo! Mwezi mzima naitafuta. Nimegombana na mkwe wangu mpaka hatusemeshani, nikamwita mwizi. Kumbe iko hapa?"

"Haikuuma, mama?"

"Sikuhisi kitu. Miguu hii haihisi siku hizi, mwanangu. Inakanyaga tu."

Jumatano wakaukata mguu chini ya goti. Mguu wa kulia, ule wa kukanyagia cherehani.

Mzee Gusa alikiona kile kisahani mezani kwa masista, na Kola ameitwa, amesimama mbele yake, kola imenyooka.

"Umegusa?" akamuuliza, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Mzee, mgonjwa alikataa."

"Alikataa!" sista mkuu akadakia. "Alikuomba umwachie, ukaona umepona. Siku kumi na mbili! Mimi mwanangu akisema hataki kuoga namwacha siku kumi na mbili?"

Kola akainamisha kichwa, akasema amejifunza. Alilisema vizuri sana. Mzee Gusa alimtazama, akajua kwa mara ya kwanza kwamba kijana huyu hata samahani ameisoma mahali akaikariri. Na mwezi ujao angepewa cheti cha ubingwa na kupelekwa hospitali ya mbali, milimani, ambako angekuwa bingwa peke yake. Kule hakuna Kobe wa kuja nyuma yake kuvua soksi.

Jioni ile Mzee Gusa aliketi kwenye meza inayoyumba, akaandika barua kwa mkono wake. Haikuwa ndefu. *Huyu asipewe ubingwa. Hagusi wagonjwa, na anaandika kwamba amewagusa.* Akaisoma mara mbili. Akajisikia mwepesi, kama mtu aliyetema kitu.

Kamati ilikaa Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa tano asubuhi. Mwenyekiti alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, sasa ana kitambi na kiti cha kuzunguka. Pembeni yake katibu wa mafunzo, mama mwenye miwani kwenye kamba na mafaili mawili mbele yake, moja nene, moja jembamba.

"Mzee wetu, karibu," mwenyekiti akasema. "Barua yako tumeisoma. Nzito."

"Ni ya kweli."

"Hatukatai. Katibu, hebu."

Katibu akafungua faili nene, akatoa fomu moja, akaisukuma juu ya meza kwa vidole viwili. Fomu ya ishirini na moja. Mgonjwa: mama, kisukari, kitanda cha kumi na moja. Tarehe: siku ya tatu tangu alazwe. Uchunguzi wa miguu: tano. Maoni: *Amevua soksi bila kukumbushwa. Ndivyo inavyotakiwa.* Na chini, saini ya Mzee Gusa, na ule mkia wake mrefu ambao hakuna mtu mwingine angeweza kuuchora.

Mzee Gusa aliisoma mpaka chini.

"Sikusoma," akasema.

"Ati?"

"Nilisaini bila kusoma. Sikuwepo. Hata yeye hakuwepo! Soksi haikuvuliwa."

Mwenyekiti akakuna shavu. "Sasa nisaidie, Mzee, maana hapa nina makaratasi mawili ya mkono mmoja. Barua inasema hagusi. Fomu ishirini na nne zinasema anagusa, na kwamba wewe ulisimama ukaona. Nikiifuata barua, mguu wa yule mama una watu wawili. Aliyepima, na aliyesimama pembeni akatazama."

"Niandikeni na mimi. Sikatai."

"Ngoja. Haliishii hapo." Mwenyekiti akainuka, akafunga mlango, ingawa hapakuwa na mtu nje. Akasema kwa sauti ya chini. "Tukisema saini yako si kitu, ni tangu lini si kitu? Tangu mwezi jana? Mabingwa ishirini na tisa wako kazini kwa saini hiyo. Tuwarudishe wote?" Akageuka, akajipiga kofi mgongoni kwa mkono wa nyuma, pale chini ya shingo. "Hapa, Mzee. Ulinisainia hapa. Nakumbuka kalamu ilitoboa karatasi ikanichoma. Ulisimama ukanitazama mimi?"

Mzee Gusa alitafuta kumbukumbu moja, hata moja, ya kijana huyu akiwa kitandani kwa mgonjwa. Aliukumbuka mgongo tu.

Katibu alikuwa akisafisha miwani isiyokuwa na uchafu.

"Barua hii sijaiingiza kwenye daftari," mwenyekiti akasema kwa upole, akaikunja mara tatu, akamrudishia. "Kola amepita. Wastani wake nne na nukta mbili. Kuna huyu wako mwingine, yule mama. Fomu tatu, wastani tatu. Anarudia mwaka."

"Nani? Kobe? Kobe ndiye aliyeiona ile sindano!"

"Imeandikwa wapi?"

"Muulize sista mkuu. Muulize mgonjwa!"

"Mzee, sista hana fomu. Mgonjwa hana fomu." Akatazama saa ya ukutani. "Kanuni inasema ishirini na nne. Ila mafaili tunayafunga saa kumi leo. Faili likija limekamilika kabla ya saa kumi, mimi sina macho ya kuona lilikamilika lini. Sijakwambia kitu."

Katibu akafungua droo, akahesabu fomu tupu ishirini na moja, akazitia kwenye bahasha.

Mzee Gusa aliteremka ngazi na bahasha kwapani na barua mfukoni. Pale kwenye kona ya ngazi alisimama. Angeweza kurudi juu akaiweka ile barua mezani tena, iingizwe kwenye daftari, liwalo na liwe. Alisimama pale mpaka mfagiaji akamwambia, "Samahani, Mzee, kidogo hapo." Akasogea. Akaendelea kuteremka.

Kobe alikuwa chumba cha chai cha masista, peke yake, anakula mkate kwa chai ya rangi. Pale palikuwa na meza nzuri, imara, yenye kitambaa cha plastiki. Mzee akaiweka bahasha juu yake, akamweleza yote, akilitazama kopo la sukari. Hakuruka neno. Kobe alisikiliza kama anavyosikiliza kifua cha mtu.

"Kola amepita," akasema, polepole.

"Amepita."

"Na ile barua? Sista aliniambia umeandika barua."

Mzee Gusa akagusa mfuko wa koti lake. Kobe akaona. Akanywa chai funda moja.

"Saa nane nabadilisha bandeji ya mama mshonaji," akasema. "Njoo unitazame, Mzee. Dakika ishirini. Unipe hata moja, lakini iwe yangu."

"Hiyo ni fomu moja, mwanangu. Zinatakiwa ishirini na moja. Saa kumi wanafunga."

"Kwa hiyo nizijaze?"

"Zijaze, nisaini. Najua mikono yako. Sisaini uongo."

"Unaijua?" Hakupandisha sauti. "Umeiona mara tatu."

Nje mtu alikuwa akiita tanki la oksijeni. Kobe akajifuta vidole, kimoja kimoja.

"Mwanangu ana miaka sita," akasema. "Anakaa kwa mama yangu. Mama yangu ndiye anayemwita mama. Mimi ananiita shangazi. Nikimpigia simu anasema, 'Mama, shangazi wa hospitali huyo.' Nilimwambia mwaka huu naja kumchukua. Nimweleze nini? Kwamba shangazi amekataa kuandika?"

Akavuta bahasha.

Na hapo Mzee Gusa aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona kwa miaka minne: Kobe akienda haraka. Kalamu ilikimbia. Nne, nne, tano, tatu, nne. Hakufikiri, hakupasha mikono.

"Tarehe nne, mwezi wa pili, nilimpima nani?"

"Andika yeyote."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Yeyote, mwanangu."

Akaandika. Kwenye maoni akasimama kidogo, kisha akaandika kwa maneno ya Mzee, vizuri kuliko hata Kola: *Asisahau kugusa.* Ishirini na moja kwa muda usiofika robo saa. Juu ya kila moja jina lake kamili, majina yote matatu, na Mzee Gusa akayasoma kama majina ya mgeni, kwa sababu tangu aje hajamwita jingine zaidi ya Kobe.

Alipomaliza alizipanga, akasimama, akageuka, akainama.

"Meza si hii hapa," Mzee akasema. "Inuka."

"Saini tu, Mzee. Tushazoea mgongo."

Akasaini. Karatasi ilikuwa nyembamba, na chini yake aliuhisi uti wa mgongo wa mtu, pingili baada ya pingili, kila alipobonyeza. Huo, angalau, aliugusa.

Saa kumi kasoro dakika kumi faili lilifika. Kobe akapita. Wastani, wanasema, ulikuwa mzuri.

Asubuhi ya Ijumaa raundi ikaanza kama kawaida. Kola alikuwa amekuja kuaga, kila mtu akapewa mkono. Kobe alisoma vitanda vyake amesimama, na walifika cha kumi na moja hata saa tatu haijagonga.

"Mama, kisukari, siku ya tisa baada ya kukatwa mguu," Kobe akasoma. "Kidonda kikavu. Hakina harufu."

"Umegusa?" Lilimtoka lenyewe. Alitamani alirudishe mdomoni.

Kobe aliinua macho kutoka kwenye faili. Akamtazama, si kwa hasira.

"Ulikuwepo, Mzee," akasema. "Si ulinitazama?"

Akafunua ukurasa. Vijana hawakuelewa, wakadhani ni utani, mmoja akacheka peke yake akanyamaza. Kundi likasogea kitanda cha kumi na mbili, Kobe mbele, akisoma kwa sauti safi isiyo na mahali pa kushika.

Mzee Gusa alibaki. Akavuta kile kiti. Akasugua viganja vyake, lakini vilikuwa vikavu, vya baridi, havikupata moto upesi. Akashika ncha ya bandeji iliyokuwa na tarehe ya juzi, si ya jana, kwa wino wa bluu, akaanza kuikunjua kwa shida, kwa sababu kazi hiyo alikuwa ameiachia wengine zamani sana.

"Taratibu, baba," mshonaji akasema. Alimtazama anavyohangaika na fundo, kwa jicho la mtu anayejua mafundo. "Kumbe na wewe ni daktari?"

"Ndiyo, mama."

"Nisamehe. Mimi nilidhani wewe ni mkubwa wa makarani. Kila siku unakuja kuuliza kama wameandika, kisha nakuona pale mlangoni unasaini watu mgongoni."